LIKIZO YA MLIMANI: TUSIISHIE LUSHOTO

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, naye hulipwa ujira wake kama aliye kazini. Haki hii haikudondoka kutoka mbinguni. Ni tunda la madai ya wafanyakazi wa vizazi vingi, hapa kwetu na katika nchi nyingine, waliokataa kuhesabiwa kama mashine zisizochoka. Basi ni jambo la kusikitisha kuona jinsi wengi wetu tunavyoitumia. Mmoja huimaliza likizo yake barazani, akihesabu siku zilizobaki. Mwingine huifanya kazi ya kibarua, akarudi kiwandani amechoka kuliko alivyotoka. Wa tatu huenda kwao, akajenga, akazika, akaoza, akarudi mjini bila ya kuuinua uso wake kuutazama mlima aliozaliwa chini yake.

Hatusemi kwamba kujenga na kuzika si wajibu. Twasema kwamba katika siku 28 yapo majuma manne, na mtu anayejiheshimu anaweza kulitenga juma moja, ikiwa si kila mwaka basi katika miaka miwili au mitatu, akaione nchi yake. Na leo twapenda kusema juu ya mahali pamoja tu, maana shauri la jumla halimfikishi mtu popote. Mahali penyewe ni milima ya Usambara Magharibi, na hasa kijiji cha Mtae, kilicho kwenye ncha ya milima hiyo.

Iko kasumba moja ambayo bado haijatutoka. Watu wengi hudhani kwamba kutembea kwa ajili ya kuona ni kazi ya Wazungu. Mwananchi akionekana na mfuko mgongoni akipanda mlima asio na shamba juu yake, huulizwa amepotea au amefiwa. Mawazo hayo yana asili yake. Mji wa Lushoto, ulio kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Waliupenda kwa ubaridi wake, wakaufanya makao ya utawala na mahali pa kupumzikia. Waingereza walipokuja nao wakaendelea kupanda huko kukimbia joto la pwani. Mwafrika alipanda mlima ule ule, lakini alipanda na mzigo kichwani. Hata mierezi ya Shume haikusalimika, kwani kabla ya Vita Kuu ya 1914 ilikatwa ikateremshwa kwa kamba za chuma zilizoning'inia angani mpaka Mkumbara, penye reli ya kwenda Tanga. Hivyo kwa miaka mingi mlima ulikuwa na watu wa aina mbili: wa kuutazama na wa kuubeba. Uhuru ulikwisha kuja mwaka 1961, lakini mgawanyo ule umebaki vichwani.

Wenzetu wa nchi nyingine nao walikuwa na vizuizi vyao, wakavivunja. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji jirani huko Uingereza walipanda kwa pamoja mlima wa Kinder Scout, ambao wenye mali walikuwa wameufunga ili wao peke yao wawinde ndege. Vijana watano walitiwa gerezani kwa ajili ya jambo hilo. Mwaka 1951 nchi ile ikawa sehemu ya hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Na katika Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 ilipowapa wafanyakazi likizo ya majuma mawili yenye malipo, maelfu yao walipanda treni wakaenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Kwetu sisi hakuna bwana aliyeufunga mlima. Tumejifungia wenyewe.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Mwenye kuipanga safari ya mlimani hujiuliza maswali mawili: nitalala wapi, na nitaona nini? Watu wengi huyajibu kwa jibu moja, nalo ni Lushoto. Hupanda basi kutoka Mombo kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, wakapita njia ya lami ya kilometa 33 inayojipinda ukingoni mwa korongo, wakaona maporomoko ya maji ya Soni, wakafika mjini. Wakalala siku mbili, wakaenda Irente wakasimama penye mwamba wakaitazama nchi tambarare iliyo chini, wakarudi. Hatuwalaumu. Irente ni mahali pazuri, na shamba la kanisa lililopo hapo hupokea wageni na huuza jibini na mikate inayotengenezwa pale pale. Lakini aliyefanya hivyo ameonja mchuzi tu. Nyama imebaki chunguni.

Mtae iko kiasi cha kilometa 60 kutoka Lushoto, upande wa kaskazini-magharibi. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na pande karibu zote ardhi imeanguka. Chini, kiasi cha mita 1,000, umelala uwanda wa Mkomazi, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na ng'ambo yake ni nchi ya Kenya. Kando inaonekana milima ya Upare. Siku ambazo mbingu ni safi, huonekana Kilimanjaro kwa mbali. Mtu akisimama hapo alfajiri, mawingu yakiwa chini ya miguu yake na majogoo yakiwika nyuma yake, huelewa jambo ambalo ramani ya ukutani haikupata kumfundisha: kwamba nchi yake ni kubwa, na kwamba yeye ni mmoja wa wenyewe.

Lakini Mtae yataka mpango, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mabasi ya kutoka Lushoto aghalabu hufika huko jioni, na ya kurudi huondoka kabla ya mapambazuko. Alasiri ukungu hupanda kutoka mabondeni ukafunika kila kitu. Kwa hiyo mtu aliyepanga kulala usiku mmoja tu hufika gizani, akaondoka gizani, akaenda kuwaambia rafiki zake kwamba Mtae hakuna kitu. Amekutana na giza mara mbili, na nauli ameilipa. Shauri letu ni kwamba asiye na nafasi ya kulala Mtae siku mbili asijisumbue kwenda, bali angojee mpaka apate nafasi. Usiku wa kwanza ni wa kupumzika. Asubuhi yake ni ya kutazama. Mchana ni wa kutembea kwa miguu mpaka kijiji jirani cha Mambo na kurudi. Na usiku wa pili ni wa kuzungumza na wenyeji, baada ya kuwa nao siku nzima. Asafiriye na watoto au na wazee atafanya hivyo kwa basi, na itamtosha.

Kwa wenye miguu yenye nguvu, hasa vijana, iko njia iliyo bora zaidi. Mtu hulala Lushoto siku mbili ili mwili uzoee ubaridi, akaitumia siku ya pili kwa Irente. Siku ya tatu huondoka asubuhi na mapema, akapita msitu wa Magamba, akalala Lukozi. Siku ya nne hushika njia ya Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki wana makao yao na wamezoea kuwapokea wasafiri. Siku ya tano jioni hufika Mtae akiwa na haki ya kujisifu. Hulala hapo siku mbili, na siku ya saba hupanda basi la alfajiri. Juma moja limetosha, na majuma matatu ya likizo yamebaki kwa ajili ya jamaa, shamba na nyumba.

Njiani humo hakuna hatua isiyo na somo. Katika msitu wa Magamba mbega huruka juu ya miti na ngozi zao nyeusi na nyeupe, na wapo vinyonga na ndege ambao hawapatikani popote ulimwenguni ila katika milima hii ya Usambara. Ua dogo la zambarau linalopambia madirisha ya Ulaya na Marekani lilipelekwa huko kutoka Usambara mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, baron Walter von Saint Paul-Illaire, likaitwa kwa jina lake. Wauza maua wa huko wamepata fedha nyingi kutokana nalo. Sisi wengi wetu hatujapata kuliona likiota. Lukozi ni soko ambalo kabichi, karoti na viazi hupakiwa humo kwenda mijini. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayelalamika juu ya bei ya kabichi angefaidika kumwona mama aliyeiteremsha kichwani kutoka shamba lililosimama kama ukuta.

Na mashamba yale yana historia. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara kote. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta, na aliyekataa alishitakiwa. Kazi ilikuwa nzito, nayo iliwaangukia zaidi wanawake. Mavuno yaliyoahidiwa hayakuonekana. Na ardhi haikuongezeka. Wasambaa walipinga, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umekufa. Malalamiko hayo yaliwafanya wakulima wengi wa mlimani kuisikiliza sauti ya TANU ilipowafikia. Msafiri anayeyapita mabonde yale bila ya kulijua jambo hili ataona mandhari tu. Anayelijua ataona watu.

Twarudi kwenye swali la mahali pa kulala, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu anaponunua kitanda cha usiku mmoja hanunui kitanda peke yake. Ananunua pia chai ya asubuhi, kuku wa jioni, kuni za kuotea moto, na kazi ya kijana wa kumwonyesha njia. Fedha hizo huanguka pale anapolala. Akilala mjini akaenda Mtae kwa gari asubuhi na kurudi jioni, wenyeji wa Mtae hubakiwa na vumbi. Akilala kijijini, katika nyumba ya wageni iliyo mali ya mwenyeji, fedha zake huingia jikoni kwa mwenyeji huyo siku hiyo hiyo. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni pita, mwenyeji akutazame.

Wasambaa wenyewe wana kisa chao juu ya jambo hili. Masimulizi ya Habari za Wakilindi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, yanaeleza jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu, alivyoingia Usambara akiwa mgeni asiye na kwao. Aliwagawia watu nyama ya mawindo yake, nao wakampa vyakula vya mashamba yao, na mwisho wakamtawalisha kule Vugha. Twakitaja kisa hiki kwa ajili ya adabu iliyomo, maana mgeni aliyejua kugawana alipokewa kama mwana. Hatumwahidi msomaji ufalme, lakini twamwahidi kwamba aingiaye kijijini na mkono uliofunuka na salamu kamili mdomoni hatalala nje.

Liko pia jambo la uchumi ambalo halifai kusahauliwa. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliposimamisha ndege, wageni wa ng'ambo walikatika kama maji ya bomba. Waliokuwa wameweka tegemeo lao lote kwa mgeni wa kutoka mbali walikaa na vitanda vitupu. Nyumba ya wageni ambayo hulaza mwalimu wa Tanga, dereva wa Dodoma na mkunga wa Morogoro haiwezi kuangushwa kwa siku moja na habari ya kutoka nchi nyingine. Kujitegemea ambako tumekuzungumza tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakuwezi kuwa neno la mashamba na viwanda tu. Hata burudani yataka kujitegemea.

Najua, atasema mmoja wa wasomaji wetu, lakini fedha ziko wapi? Ada ya shule haingojei mlima. Swali hili ni la haki, na hatutalikwepa. Kwanza twajibu kwamba safari hii si ya hoteli kubwa. Yataka nauli ya basi, kitanda cha kawaida na chakula cha kawaida: ugali, maharage, mboga, ndizi, na matunda ya mlimani kama pea na plamu yanapokuwa katika msimu. Pili, ada ya mwananchi kuingia katika msitu wa hifadhi ni ndogo kuliko ile ya mgeni. Aidai, na apewe risiti. Tatu, yafaa kwenda kwa kundi. Watu sita wanaoweka akiba kidogo kila mwezi kama wanavyochangia harusi, baada ya mwaka watakuwa na safari, na mwongozaji mmoja atawatosha wote. Sisi Watanzania tumethibitisha mara nyingi kwamba tunaweza kuchangia sherehe ya usiku mmoja mpaka mifuko ikalia. Tujaribu mara moja kuchangia siha yetu.

Anayekwenda na ajiandae. Miezi ya Machi mpaka Mei ni ya masika; njia za udongo huteleza na magari hukwama. Juni mpaka Agosti ni kukavu zaidi, lakini baridi ya usiku humtoa mtu wa pwani machozi, kwa hiyo sweta nzito si anasa. Afadhali achukue fedha taslimu za kutosha akiwa bado Lushoto. Apatane bei ya chumba, chakula na mwongozaji kabla ya kuanza, ili pasiwe na ugomvi baadaye. Asipige picha za watu kama apigaye picha za miti. Wala asigawe peremende na sarafu kwa watoto njiani, maana huko ni kuwafundisha kunyosha mkono badala ya kushika kalamu.

Na wenyeji nao wana wajibu wao. Mgeni wa nyumbani hafai kuhesabiwa kuwa mgeni wa daraja la pili. Tumepata kusikia manung'uniko ya wananchi kwamba, mahali pengine, wenye nyumba wakiona uso mweusi hudhani hakuna faida, wakaacha kumhudumia wakamkimbilia mwenye ngozi nyeupe. Huo ni utumwa uliovaa nguo za biashara, na hauna nafasi katika nchi hii. Mashuka safi, choo safi, bei iliyoandikwa mlangoni na risiti mkononi, haya si mambo ya Ulaya, ni mambo ya heshima. Halmashauri nazo zihakikishe kwamba barabara ya kwenda Mtae inapitika hata wakati wa mvua. Barabara hiyo inayomleta mtalii ndiyo hiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali na viazi sokoni, na mwenye kuitengeneza kwa ajili ya mmoja ameitengeneza kwa ajili ya wote.

Neno letu la mwisho ni kwa vyama vya wafanyakazi na matawi yake. Mnapokaa kuzungumza juu ya mishahara na malipo ya uzeeni, mnafanya kazi njema. Ongezeni jambo moja katika orodha yenu. Ulizeni wanachama wenu wangapi wamekwisha kuiona nchi wanayoijenga. Undeni mifuko midogo ya safari, pelekeni kundi la kwanza la watu kumi au ishirini, walale Mtae siku mbili, kisha warudi wawasimulie wenzao penye mashine na penye meza za ofisi. Siku 28 tulizipata kwa kudai. Tusikubali ziishie barazani, wala tusikubali safari yetu iishie Lushoto, mahali ambapo watawala wa jana walichoka kupanda.